Kanuni ya mavazi rasmi kazini: tuorodheshe nguo, au sentensi moja inatosha?

Katibu wa Kamati aliuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nimepewa jukumu la kuandika upya kanuni ya mavazi ya ofisi yetu, yenye wafanyakazi 40 hivi, na kwa wiki mbili sasa nimekwama kwenye aya ya kwanza. Kanuni iliyopo ni sentensi moja tu: “Mfanyakazi atavaa mavazi rasmi, nadhifu na ya heshima wakati wote awapo kazini.” Kwa miaka mingi sentensi hiyo haikumsumbua mtu, kwa kuwa karibu sote tuliingia pale tukiwa tumeshafanya kazi kwingine, tukajua la kuvaa kwa kuwatazama waliotutangulia.

Mwezi uliopita alianza kazi kijana mmoja ambaye hii ndiyo ajira yake ya kwanza. Siku ya tatu alikuja na fulana yenye ukosi, suruali nyeusi na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa. Nilikuwa nimesimama mapokezi, na ninakumbuka kwamba ukosi wa ile fulana ulikuwa umepigwa pasi hadi ukasimama wenyewe, jambo ambalo kila anayeshika pasi anajua kuwa si rahisi kwa kitambaa cha namna ile. Msimamizi wake alimwambia, mbele ya wateja watatu waliokuwa wameketi wakisubiri kuhudumiwa, kwamba pale si mahali pa kuja na nguo za mapumziko, akamrudisha nyumbani kubadilisha. Kijana alishika ukosi kwa vidole viwili, akaupapasa kama anayetafuta mahali ulipokosewa, kisha akatoka bila kusema neno. Kesho yake alikuja na koti la suti la kuazima, lenye mikono iliyomfika kwenye vifundo vya vidole na mabega yaliyomporomoka. Kulikuwa na joto kali, na hakulivua hadi jioni.

Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililofanya kamati iundwe. Sasa tumegawanyika. Baadhi yetu wanataka orodha ndefu ya nguo zinazoruhusiwa na zilizopigwa marufuku, na wengine wanataka kila mtu aachiwe busara yake. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuandika kanuni kama hizi, au waliowahi kuumizwa nazo: ni kiasi gani kiandikwe, na je, suti ina sababu yoyote ya kuendelea kuwa kipimo cha mtu aliyevaa vizuri kazini?

---

Afisa Utumishi Mstaafu alijibu:

Ndugu Katibu, nimefanya kazi ya utumishi kwa miaka 26, na mashauri ya mavazi niliyoyasikiliza ni mengi kuliko ya utoro. Karibu yote yalikuwa na sura ya hilo ulilolieleza: kanuni fupi, msimamizi mwenye picha kamili kichwani mwake, na mfanyakazi ambaye hajawahi kuonyeshwa picha hiyo.

Wanaopenda sentensi moja hutaja mara nyingi mfano wa kampuni ya General Motors, ambako Mary Barra, alipokuwa akiongoza idara ya rasilimali watu, aliuondoa mwongozo wa mavazi wenye kurasa 10 na mahali pake akaweka maneno mawili tu, yaani “vaa ipasavyo.” Mfano huo ni mzuri, lakini wengi huusimulia nusu. Mkuu mmoja wa idara alimlalamikia kwamba watu wake huitwa ghafla kukutana na maofisa wa serikali wakiwa wamevaa jinzi, na Barra akamtaka akalizungumze na watu wake mwenyewe. Walikaa, wakakubaliana kwamba kila mmoja aweke suruali rasmi katika kabati lake kazini, na tatizo likaisha. Maneno mawili yalitosha pale kwa sababu yalifuatwa na kikao. Ofisini kwenu sentensi ilikuwapo miaka yote na kikao hakikufanyika hata mara moja.

Ushauri wangu ni kwamba msianze na nguo, anzeni na siku. Kuna siku ya kukutana na mteja au mgeni wa nje, kuna siku ya kazi za ndani, na kuna siku ya kuingia stoo na kubeba makasha. Kwa kila siku andikeni kiwango cha chini kinachotosha, kwa majina ya nguo ambayo mtu yeyote anayafahamu, ili anayeamka asubuhi ajue kwamba akivaa hivi hakuna atakayemgusa. Orodha ya marufuku iepukeni kadiri mnavyoweza, kwa sababu kila mwaka hupata mstari mpya kutokana na mtu mmoja aliyemkera mkubwa fulani, na mwishowe hugeuka kuwa orodha ya kupima miili ya wanawake. Nimewahi kukabidhiwa mwongozo ambao sehemu ya wanaume ilikuwa na mistari 2 na sehemu ya wanawake mistari 19, ikipima urefu wa sketi, unene wa kitambaa cha blauzi na hata urefu wa kisigino.

Kuhusu visigino nisisitize. Mwaka 2015 mhudumu wa mapokezi jijini London alirudishwa nyumbani bila malipo kwa kukataa kuvaa viatu vya mchuchumio, na ombi alilolipeleka bungeni lilipata saini zaidi ya 150,000. Mwaka 2017 jimbo la British Columbia nchini Kanada liliwazuia waajiri kuwalazimisha wafanyakazi kuvaa viatu vya aina hiyo, kwa hoja ya usalama wa miguu na migongo. Kamati yenu isisubiri kufikishwa huko: kiatu kiwe kimefunga, kiwe safi, na urefu wa kisigino uwe shauri la mwenye mguu.

Tena, andikeni utaratibu wa kumwambia mtu aliyekosea, kwa kuwa hapo ndipo kijana wenu alipojeruhiwa. Aambiwe faraghani na mtu mmoja, baada ya wateja kuondoka, na asirudishwe nyumbani isipokuwa ana mgeni wa kupokea siku hiyo hiyo. Akirudishwa, saa zake zihesabiwe kuwa za kazi. Mara ya kwanza iwe ni kumfundisha, isiingie kwenye jalada lake. Na ikiwa mnataka watu wote wavae koti la rangi moja na mtindo mmoja, jueni kwamba hapo mmeshaagiza sare, nami sioni haki ya mtu kuagiza sare kisha akamwachia mwingine gharama yake.

---

Mzaliwa wa Mashambani alijibu:

Naomba nisikike nikiitetea suti, kwa sababu katika mijadala ya aina hii hutetewa na wakubwa pekee.

Nilikuwa mtu wa kwanza katika familia yetu kufanya kazi ya ofisini, na sikuwa na baba wala shangazi wa kuniambia mtu huvaa nini akienda huko. Ofisi iliyonipokea ilikuwa na kanuni kali: koti la buluu iliyokoza au la kijivu, shati jeupe, tai, viatu vyeusi vya kamba. Nilinunua koti moja na suruali mbili kwa mkopo, na tangu siku ile hakuna aliyeweza kujua kwa kunitazama kwamba nilitoka wapi. Nilikaa meza moja na watoto wa mawakili tukafanana. Miaka michache baadaye uongozi ulitangaza kwamba mavazi yamelegezwa, na ofisi nzima ikashangilia isipokuwa mimi na wenzangu wawili watatu, kwa kuwa tuligundua mara moja kwamba kulegeza nako kuna kanuni zake na safari hii hazijaandikwa popote. Kulikuwa na raba zilizokubalika na zisizokubalika, kulikuwa na jinzi iliyosifiwa na jinzi iliyotazamwa kwa jicho la pembeni, na waliojua tofauti walikuwa wale wale waliozaliwa wakijua. Nikarudia kuhesabu macho ya watu kila nilipoingia mlangoni.

Kwa hiyo wanaosema “tumwachie kila mtu busara yake” wana nia njema, lakini busara ya mavazi ya ofisini hujifunzwa nyumbani kwa watu fulani, na nyumba nyingine hazina wa kuifundisha. Mkilegeza, legezeni kwa maandishi. Kijana wenu hakukosa busara. Alipiga pasi ukosi, akang'arisha viatu, akafanya kila kitu ambacho mtu asiyeambiwa angeweza kukifanya.

---

Mpenda Maana alijibu:

Nikisoma sentensi yenu ya zamani naona imebeba maneno matatu ambayo kila moja linahukumu kwa mizani yake, na nadhani chanzo cha ugomvi ni kuyafunga pamoja.

“Nadhifu” ni neno ambalo watu wawili wanaweza kulithibitisha kwa macho: nguo imefuliwa, imepigwa pasi, haina kifungo kilichong'oka wala upindo ulioachia. “Rasmi” ni suala la aina ya nguo, na kwa kuwa aina ni makubaliano tu, haiwezekani kumdai mtu makubaliano asiyoyajua, inabidi zitajwe. “Heshima” hukaa kwa anayetazama. Tunapomwambia mtu kwamba vazi lake si la heshima tumeshavuka nguo na kumfikia yeye, malezi yake na waliomlea, na ndiyo maana aliyeambiwa hivyo huondoka akiwa na aibu ambayo fulana peke yake haiwezi kuileta.

Kijana huyo alikuwa nadhifu kabisa. Alipungukiwa kwenye urasmi, tena kwa kipimo ambacho hakikuandikwa, lakini alihukumiwa kana kwamba amekosa heshima. Kama mnaweza, liondoeni neno hilo la tatu. Na kama linawahusu wale wanaohofia maungo kuwa wazi, basi liandikwe jambo lenyewe wazi, kwamba vazi lisitiri kuanzia mabegani hadi magotini kwa wote, wanaume kwa wanawake, halafu liishie hapo.

---

Fundi Cherehani alijibu:

Mimi ni mshoni, na nitajibu swali la suti kwa upande wa nguo yenyewe, maana naona inalaumiwa kwa makosa ya walioivaa vibaya.

Wateja wangu wengi hudhani kwamba suti imekuwa vazi la kazi tangu zamani za kale. Katika Uingereza ya karne ya 19 mwanamume wa ofisini alivaa koti refu lililofika magotini, na koti fupi la suti tunayoijua leo lilikuwa nguo ya kupumzikia na ya matembezi ya mashambani. Waliolivaa mjini mwanzoni walionekana kama huyo kijana wa fulana. Urasmi unahama, nami katika maisha yangu ya kazi nimeuona ukihama tena, kwani mwaka 2019 hata benki ya Goldman Sachs iliwaruhusu wafanyakazi wake wote kuacha suti pale kazi isipoihitaji.

Hata hivyo koti lililokaa vizuri lina kazi ambayo shati haliwezi kuifanya. Ndani ya kifua chake kuna kitambaa kigumu kinachoshikilia umbo, kwa hiyo mtu aliyeinama mabega kwa uchovu au kwa hofu huonekana amesimama wima. Nimewaona watu wakibadilika mbele ya kioo changu. Lakini koti likikosea mabega hugeuka na kumshusha, na hapa ndipo napenda kumfikia kijana aliyeazima.

Mabega ndiyo kila kitu. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukizidi, hakuna fundi atakayeurekebisha kwa gharama nafuu, kwa sababu atalazimika kufumua mkono, ukosi na bitana. Mengine yote yanarekebishika. Mkono hufupishwa mpaka kiasi cha sentimita 1 ya shati ionekane, kiuno hubanwa kwa mishono ya pembeni, na upindo wa suruali hupandishwa kwa nusu saa ya kazi. Kwa hiyo anayenunua koti la mtumba au la bei ndogo achague mabega kwanza, mengine aniletee mimi au mwenzangu.

Kuna jambo jingine ambalo huwaaibisha watu bila wao kujua. Koti jipya huja na uzi mnene wenye umbo la msalaba kwenye mpasuo wa nyuma, lebo iliyoshonwa juu ya mkono wa kushoto, na mifuko iliyofungwa kwa mshono mlegevu. Vyote vitatu ni vya safari ya kutoka kiwandani na hufumuliwa siku ya kwanza kwa wembe au mkasi mdogo. Nimewaona wakuu wa idara wakitembea miaka na ule msalaba mgongoni, na hakuna aliyethubutu kuwaambia. Kifungo cha chini cha koti huachwa wazi, na vyote hufunguliwa mtu anapoketi.

Kama ofisi ina joto, tafuteni sufu nyepesi yenye bitana ya nusu mgongo badala ya poliesta, kwa kuwa sufu hupitisha hewa na jasho ilhali poliesta hulifungia ndani. Na kwa kila koti nunueni suruali mbili. Suruali huchakaa mara mbili ya koti, hasa kwenye kiti na mapajani.

---

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Naongeza kidogo tu. Katika kazi yetu urasmi uliwahi kugongana na usalama wa mgonjwa, na usalama ukashinda. Mwaka 2007 wizara ya afya ya Uingereza ilitoa mwongozo wa kuwataka wanaohudumia wagonjwa wawe na mikono wazi kuanzia kiwiko kushuka chini, bila koti jeupe la mikono mirefu, bila saa ya mkononi na bila tai, kwa kuwa mtu hawezi kuosha mikono sawasawa akiwa na mikono ya shati, na tai huinama juu ya vitanda vingi kwa siku na hufuliwa kwa nadra. Madaktari wengi waliona wamevuliwa hadhi yao. Mgonjwa aliendelea kuwaita daktari. Ndugu Katibu, kabla ya kuandika “koti” kwa watu wa stoo na wa mashine, waulizeni kwanza ni kitu gani kinaweza kunasa.

---

Mhandisi wa Viyoyozi alijibu:

Ndugu zangu, mmetaja joto mara mbili na kupita, ilhali mimi naona ni nusu ya jambo lenyewe.

Sisi tunaopanga hewa ya majengo hutumia kipimo cha nguo kiitwacho klo, kilichobuniwa mwaka 1941, ambacho klo 1 ni takriban joto linalohifadhiwa na suti kamili. Suruali na shati la mikono mifupi huwa karibu na klo 0.5. Kwa mtu aliyeketi mezani, kila tofauti ya klo 0.1 huhamisha joto linalomfaa kwa kiasi cha nyuzi 0.6, kwa hiyo koti peke yake hulazimisha kiyoyozi kishushwe kwa nyuzi 2 hivi ili aliyelivaa asitoke jasho. Nimeingia ofisi nyingi ambamo wanaume wamekaa na makoti yao, kiyoyozi kinanguruma, na wanawake wenye blauzi nyepesi wamejifunika shali wakilalamika baridi. Wote wako sahihi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la *Nature Climate Change* ulionyesha pia kwamba kanuni ya kupanga joto la ofisi, iliyotungwa miaka ya 1960, ilichukua joto la mwili wa mwanamume wa wastani, na mwili wa mwanamke aliyeketi huzalisha kidogo kuliko hapo.

Japani ililishughulikia jambo hili kwa kuanza na nguo. Tangu mwaka 2005 serikali yake imekuwa na mpango wa majira ya joto ambao ofisi huacha viyoyozi kwenye nyuzi 28, na watumishi huruhusiwa kuvua koti na tai. Mawaziri wenyewe walionekana wakiwa wazi shingoni, na hilo lilikuwa la lazima, kwa sababu mtumishi mdogo hathubutu kuvua koti huku mkubwa wake amelivaa. Kijana wenu alikaa na koti siku nzima kwa sababu hiyo hiyo. Kanuni ikiruhusu kuvua koti lakini mkuu wa ofisi asivue, ruhusa hiyo haitatumiwa na mtu.

---

Katibu wa Kamati aliandika tena:

Nawashukuru kwa dhati. Tulikutana juzi, na mengi mliyoyaandika niliyasoma kwa sauti mbele ya kamati, pamoja na maelezo ya Mzaliwa wa Mashambani, ambayo yalimnyamazisha kila aliyetaka tuache mambo wazi.

Tulimwalika kijana mwenyewe asome rasimu kabla ya wengine. Alikuwa ameambatana na kalamu, na jambo la kwanza alilolifanya ni kukata neno “heshima,” bila kuambiwa kwamba tayari tulikuwa tumelijadili. La pili, pale tulipoandika kwamba siku za kazi za ndani “shati au fulana yenye ukosi” inatosha, aliongeza kwa mkono wake: “iliyopigwa pasi.” Maneno hayo tumeyaacha kama alivyoyaandika. Siku za wageni tumetaja koti, shati lenye ukosi au blauzi, suruali au sketi au gauni linalofika magotini, na kiatu kilichofunga. Koti huvuliwa mgeni akishaondoka, na mkurugenzi amekubali kuwa wa kwanza kulivua. Watu wa stoo wameandikiwa sehemu yao, fupi, baada ya kuulizwa. Msimamizi alimwomba radhi kijana mbele ya wale wale waliokuwapo mapokezi siku ile, isipokuwa wateja, ambao hatukuwa na namna ya kuwapata.

Limebaki swali moja kwa Fundi. Tunataka kununua koti moja la akiba la kutundikwa mapokezi, kwa ajili ya yeyote atakayeitwa ghafla kupokea mgeni. Tununue la ukubwa gani?

---

Fundi Cherehani alijibu:

Msilinunue. Hakuna ukubwa unaowatosha watu 40 mabegani, na kila atakayelivaa ataonekana kama kijana yule alivyoonekana siku ya koti la kuazima. Nunueni henga pana za mbao, moja kwa kila anayepokea wageni, ziandikwe majina, na kila mtu alete koti lake liwe linalala hapo. Anayeanza kazi na hana koti, mpeni mwezi mmoja wa kulitafuta, na katika mwezi huo wageni wapokewe na mwingine. Kijana akipata lake, aje nalo kwangu au kwa fundi aliye karibu naye kabla ya kulivaa, mikono ipimwe akiwa amesimama na ameiachia ikining'inia, asiikunje wala asiinyanyue.